Mwaka Mahindi Yalipolala Chumba Kimoja na Pamba

Wauza nafaka wa hapa Somanda, Bariadi, hawanipendi, na siwalaumu. Kabla sijauliza bei nachota mahindi kutoka chini ya gunia, si juu, nayapulizia pumzi ya moto kwenye kiganja, kisha nayanusa. Halafu natafuna punje moja. Ikivunjika kwa mlio, nanunua. Ikilegea jinoni kama karanga ya kuchemsha, naondoka bila kuaga. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba mimi siji sokoni kununua chakula, nakuja kufanya upelelezi. Nilimwambia apunguze maneno, aongeze jua.

Pua hii nimerithi kwa mama. Hasira nayo nimerithi kwake, ila mama alijua kuiweka akiba, mimi hunitoka palepale.

Nyumbani kwetu ni Ipililo, wilaya ya Maswa. Nilipokuwa nakua, mji wetu ulikuwa na nyumba mbili za nyasi, zizi la ng'ombe, na kihenge cha mama katikati ya ua. Kwa asiyekijua, kihenge ni ghala la nafaka. Fito zinasukwa mviringo kama tenga kubwa, zinakandikwa udongo uliochanganywa na samadi, na juu kinavikwa kofia ya nyasi inayofunuka. Cha mama kilikaa juu ya mawe, hewa inapita chini, kuku wanapumzika kivulini. Mtu akitaka mahindi anaegemeza ngazi, anafunua kofia na kuingia. Lakini mtu huyo alikuwa mama peke yake. Baba, mwenye mji na mwenye ng'ombe, hakuruhusiwa hata kuchungulia. Mama alisema mwanamume akishajua chakula kimebaki kiasi gani, ataanza kukipangia safari.

Na mahindi hayakuingia humo kienyeji. Yalianikwa juu ya mwamba nyuma ya zizi, yakageuzwa, yakaingizwa ndani jioni, yakatolewa tena asubuhi. Mama alikuwa akipita anaokota punje moja hapa, moja pale, anatafuna, anatema. Tulimuuliza yamekauka? Alisema bado. Siku ya pili, bado. Tulichoka sisi, hakuchoka yeye. Mpaka siku anatafuna na sisi tuliosimama kando tunasikia punje inavyolia, ndipo anasema leteni ngazi.

Baba yeye alikuwa mtu wa pamba. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, mbishi kupita kiasi, na nilimpenda kuliko nilivyoweza kumwambia. Enzi za chama cha msingi cha ushirika alikuwa mjumbe wa kamati, na kazi yake ilikuwa kusimama penye mzani kukagua. Pamba ilipangwa mafungu mawili, safi na fifi, yaani chafu, na ole wake aliyechanganya. Baba alikuwa anazamisha mkono kwenye gunia mpaka begani, anautoa, anajishika shavu. Shavu likihisi ubaridi, basi. "Rudi nayo, ukaianike," alikuwa anasema, awe jirani, awe shemeji. Hata kaka yake mwenyewe, baba alimrudisha na mkokoteni mzima mbele za watu, wakakaa mwaka bila kusalimiana vizuri.

Kisha soko likafunguliwa. Chama cha msingi hakikuwa tena mnunuzi peke yake. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao kutoka upande wa Malampaka, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Hawakuuliza safi wala fifi. Mradi ni nyeupe na mzani umeshuka, wanapakia. Haikuchukua misimu mingi watu wakajifunza. Huyu anatia mchanga katikati ya gunia, yule ananyunyiza ndoo ya maji jioni ili kesho pamba iwe nzito. Baba alisimulia habari hizo kwa uchungu kabisa, kama mtu anayesimulia msiba.

Lakini soko hilohilo lilitupa nyumba. Msimu wa kwanza wanunuzi waligombea pamba, bei ikapanda, na baba akajenga nyumba ya matofali, bati juu, saruji chini. Sakafu ile ilimpa kichwa. Mgeni akija, kabla hajapewa maji, anaombwa apige mguu chini asikie. Kihenge cha mama kikaanza kuonekana aibu mbele ya nyumba hiyo. Na kweli kilikuwa kimezeeka, mchwa wameingia kwenye fito. Mama aliomba kijengwe kingine. Baba akasema mwenye nyumba ya bati hawezi kuendelea kuweka chakula kwenye tenga. Alienda kununua mifuko ya salfeti, ile ya plastiki iliyosukwa, myeupe inayong'aa. Walibishana wiki mbili. Mwishowe mama alinyamaza, na aliyemjua mama alijua kunyamaza si kukubali.

Basi mwaka ule mahindi yakalala ndani, kwenye mifuko ya salfeti, juu ya saruji tupu, yameegemea ukuta. Na upande wa pili wa chumba hichohicho ulijazwa pamba mpaka karibu na bati, maana baba hakutaka kuuza mapema. Alisikia kuna mnunuzi mwingine anakuja na bei nzuri zaidi. Alisubiri.

Mimi nilifika wakati huo. Nilikuwa nimeolewa Bariadi, mume wangu yuko masomoni Mwanza, nikaenda kukaa kwa mama na binti yangu wa kwanza, mtoto wa miezi minane. Alikuwa ndiye mjukuu wa kwanza katika mji ule. Baba alimwita mayu, yaani mama, kama alivyoniita mimi nilipokuwa mdogo, na alipagawa naye kabisa. Wakati wa kula alimpakata, akafinya ugali kidogo, akauchovya kwenye maziwa ya mgando na kumlisha kwa vidole vyake. Mtoto akazoea. Akiona sahani ya babu tu, mkono wa kulia unanyooka.

Wiki moja kabla ya lori kufika, ndoo ya mama ya kuchotea maji ilipotea. Tuliitafuta jikoni, zizini, kisimani. Mama aliikuta chumba cha pamba, nyuma ya mlango, ina maji kidogo chini. Aliitazama, akamwaga yale maji uani, akaendelea na kazi zake. Mimi nilidhani mtu ameisahau. Lori lilikuja, pamba ikapimwa, ikapakiwa, na baba akarudi nyumbani anapiga mluzi. Nilifurahi kumwona anafurahi.

Mahindi ya mwaka wa nyuma yalipoisha, mama akafungua mfuko wa kwanza wa salfeti. Hakuingiza mkono. Aliinama, akanusa, akainuka, akaniita na mimi ninuse. Ilikuwa harufu ya nguo iliyofungwa ikiwa mbichi. Tuliumwaga kwenye turubai. Juu mahindi yalikuwa mazuri tu. Katikati yalishikana mabonge. Chini, palipogusa saruji, na ubavu uliotazama pamba, yalikuwa na ukungu wa kijani unaotoka vumbi ukiugusa. Tukafungua mwingine, na mwingine. Yote iliumia, mingine kidogo, mingine sana.

Baba aliitwa. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema bati linavuja.

Ulikuwa mwezi wa nane. Hakukuwa na wingu hata la kumdanganyia mtoto. Mama alikaa chini, akavuta ungo, akaanza kuchambua, nami nikakaa karibu naye.

Nataka kusema wazi kwamba kosa lililofuata lilikuwa letu wanawake pia. Tulifanya kama tulivyofanya siku zote. Yaliyooza kabisa tuliyatenga kwa ajili ya kuku na pombe. Yaliyoguswa kidogo tuliyapepeta, tukayaosha, tukayaanika juu ya mwamba siku tatu mpaka yakang'aa. Hatukujua kwamba kuna kitu kinabaki ndani ya punje hata ukungu ukishatoka. Tuliyasaga. Na katika unga huo nilikuwa nachota kila asubuhi, napika uji wa mwanangu.

Mtoto alianza kuukataa. Anafumba mdomo, anageuza shingo. Nilimlazimisha, na hilo linaniuma mpaka leo. Akawa anaharisha, anapona, anaharisha tena. Siku ya kliniki baba alitupakia kwenye baiskeli, mimi nyuma na mtoto mgongoni, akatupeleka zahanati. Muuguzi alikuwa dada wa makamo, Msukuma mwenzetu. Baba alimsalimia "Mwangaluka," naye akaitikia bila kuinua macho, anatazama kadi. Ule mstari wa uzito ambao miezi yote ulikuwa unapanda, ulikuwa umelala.

Aliniuliza mtoto anakula nini. Nikamwambia. Akauliza mahindi yamewekwa wapi. Nikamwambia na hilo, na ukungu, na jinsi tulivyoosha na kuanika. Akaweka kalamu chini. Alinieleza taratibu, kwa Kisukuma, kwamba ule ukungu unatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha, haiondoki kwa jua, haiondoki hata kwa kupika. Mtu mzima anaweza kula na asione kitu upesi. Mtoto mdogo ndiye anaumia mapema. Alisema niache unga ule leo hii, na kwamba mtoto akiendelea kuula anaweza kudumaa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alisikia kila neno.

Njiani hakusema kitu. Baba, mtu ambaye alikuwa anaongea hata na baiskeli ikipanda mlima. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anakusanya ubishi. Tulipofika, mama akiwa anasikiliza, alisema yule muuguzi ni mtoto wa juzi. Sisi wote tumekula mahindi ya namna ile, nani amekufa? Mahindi hayamwagwi. Miaka ya njaa tulitafuta hata makapi.

Hapo ndipo nilipomwambia baba yangu neno ambalo binti hamwambii baba yake.

"Baba, zamani mtu akikuletea pamba yenye unyevu, ungemfanya nini?"

Alinitazama. Kisha akaenda zizini, na mimi nikalia, nusu kwa hasira, nusu kwa kuona mabega yake yanavyokwenda.

Mama hakunikemea wala hakunisifu. Alipika ugali wa aina mbili. Wetu ulikuwa wa unga wa mtama alioazima kwa jirani. Wa baba ulikuwa wa yale mahindi, sahani yake peke yake, na mgando pembeni kama kawaida. Alimwekea mbele yake juu ya mkeka, akamwambia kwa heshima zote.

"Baba, umesema ni mazima. Karibu."

Baba alinawa. Alikata tonge, akachovya, akala. Ugali ule ulikuwa mchungu, nilijua, wa unga uleule nilikwishauonja mwenyewe. Alikata tonge la pili. Alikuwa ameamua kuumaliza wote, mbele yetu, kwa kichwa kigumu tu. Akala na la tatu.

Wakati huo mwanangu aliona sahani ya babu. Alitambaa kutoka mapajani kwangu, akafika kwenye goti lake, akakaa, akanyoosha mkono wa kulia kama siku zote. Mimi na mama hatukusogea. Sijui kwa nini sikumvuta. Nadhani nilitaka kuona.

Vidole vya mtoto vilikuwa karibu kugusa ugali. Baba akaushika ule mkono. Aliushika hewani, ukapotea wote ndani ya kiganja chake, na sahani akaisukuma mbali kwa mkono mwingine mpaka ikatoka kwenye mkeka. Mtoto akalia kwa kunyimwa. Baba akambeba, akasimama naye, akatembea naye uani huku na huku, anambembeleza kwa wimbo wa kuchungia ng'ombe. Mama aliokota sahani, akaenda kuufukia ule ugali nyuma ya jiko, hata kuku hakuwapa.

Kesho yake saa sita mchana, jua likiwa kichwani, baba alichimba shimo kando ya njia. Kwetu kuonekana unafukia chakula si jambo dogo. Watu watauliza umerogwa au unaroga. Angeweza kuchimba mbali, huko mashambani, asionekane. Alichimba pale pale wanapopita watu wa kwenda kisimani, akamwaga mfuko baada ya mfuko, na kila aliyesimama akamwambia mahindi yana sumu, yamepata unyevu. Jirani mmoja alikuja na beseni kuomba ya pombe. Mama alimwambia asichukue, maana sumu ingeingia kwenye pombe, na pombe hiyo angeinywa hata yeye mama. Jirani aliondoka amenuna. Unyevu ulitoka wapi, hakuna aliyeuliza, na baba hakusema. Hilo halikumtoka kinywani.

Miezi iliyofuata tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tukala na mtama, na ng'ombe mmoja alikwenda mnadani akarudi kama mahindi. Mama aliyatafuna kwanza kabla hayajashushwa kwenye mkokoteni. Mtoto akaanza kula tena. Mstari kwenye kadi ukainuka, pole pole.

Kabla ya mavuno mapya baba alisuka kihenge. Hakumwita fundi. Alisuka mwenyewe, vibaya, mama anapita anacheka, anamwambia tenga lake limelewa. Alikiweka juu ya mawe makubwa zaidi ya yale ya zamani, na juu yake akakijengea kibanda cha bati chenye nguzo nne za mti mgumu, mvua isiguse hata kofia. Siku ya kwanza mama alipopanda ngazi, baba aligeuza uso pembeni, asichungulie.

Siku hiyohiyo alimsimamisha mwanangu, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea, akamwegemeza kwenye nguzo ya mbele, akatoa kisu, akakata alama ndogo juu ya utosi wake. Tulidhani mchezo. Lakini mwaka uliofuata alitutumia ujumbe Bariadi nimlete mtoto mavuno yakiingia. Na uliofuata tena. Kila mwaka kabla ya soda, kabla ya kuku, mjukuu anavua viatu, anaegemea nguzo, kisu kinatoka. Baba anapima kwa vidole nafasi kati ya alama ya mwaka jana na ya mwaka huu. Ikiwa kubwa, siku nzima anatania watu. Mwaka mmoja ilikuwa ndogo. Hakula vizuri, na alinivuta pembeni kuniuliza mtoto anakula nini, mahindi nayaweka wapi, nimeweka mbao chini ya magunia au yamegusa sakafu. Ndipo nilipoelewa kwamba haukuwa mchezo hata siku moja. Alikuwa bado amesimama mlangoni kwa yule muuguzi, na kofia mkononi.

Siku hizi mabwana shamba wanakuja na mikutano, wanaita kitu hicho sumukuvu, wanatufundisha kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa na kutikisa: chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu bado upo. Ni elimu nzuri. Nakaa mbele kabisa, nasikiliza, na mdomoni nahisi uchungu wa ugali ule.

Binti yangu alipokuwa kidato cha pili tulikwenda Ipililo kama kawaida. Alikuwa amerefuka ghafla, miguu yote. Alivua viatu, akaegemea nguzo, anacheka kwa aibu, maana alikwishajiona mkubwa kwa mambo haya. Baba akainua kisu. Akainua zaidi. Ikabidi asimame kwa vidole vya miguu, na bado hakuona utosi wa mjukuu wake. Akashusha mkono, akakunja kisu, akakirudisha mfukoni bila kukata kitu.

Akamwita mama. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, amekasirika kidogo kwa kuitwa ugali ukiwa motoni.

"Lile bati halikuvuja," baba akasema.

"Najua."

"Yale maji ya kwenye pamba niliyamwaga mimi."

"Najua," mama akasema. "Ndoo ilikuwa yangu."

Kisha akarudi kwenye ugali wake, haraka, na niliona anajifuta uso kwa ncha ya kanga kabla hajafika mlangoni. Binti yangu, ambaye hatukuwahi kumsimulia, aliuliza bati gani, maji gani. Babu yake alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, uleule, na hakuuachia mpaka chakula kilipoiva.